Mazingira wanayajua darasani, nyumbani wanatupa ovyo: nianzie wapi na wanangu?

SWALI: Naishi Tabata, Dar es Salaam, nina watoto watatu: binti wa miaka 13, mvulana wa 9 na mdogo wa 4. Binti anapata alama nzuri sana kwenye maswali ya mazingira, lakini juzi tukiwa kwenye daladala alimaliza juisi yake akarusha pakiti dirishani bila hata kufikiri. Wa pili hataki kubeba chupa yake ya maji shuleni, anasema wenzake wanamcheka kwamba kwao hawana hela ya kununua maji ya dukani. Tunakaa nyumba ya kupanga pamoja na wapangaji wengine, bustani hatuna, na takataka dada wa kazi anazichoma nyuma ya nyumba. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya serikali ya mtaa. Tena tangu binti aone habari za maporomoko ya matope ya Mlima Hanang, mvua ikinyesha usiku halali. Natamani wakue wakiyajali mazingira kwa dhati. Nianzie wapi? Na kwa huyu wa 13, sijachelewa?

JIBU: Dada yangu, tuanzie kwenye hiyo pakiti ya juisi.

Binti yako anajua kwamba kutupa taka ovyo ni kosa. Mwamshe usiku wa manane umuulize maana ya uchafuzi wa mazingira, atakujibu bila kukosea. Kosa lililopo ni kwamba mkono wake haujafundishwa pa kuiweka pakiti tupu. Ndani ya daladala hakuna pipa, konda anatupa dirishani, mzee mwenye suti naye anatupa dirishani, na mkono wa mtoto unafuata mikono anayoiona. Nimekaa miaka mingi na walimu wa klabu za mazingira katika shule za msingi, na jambo hili nimeliona kila mahali: somo linakaa kwenye daftari, tabia inakaa mkononi, na kinachoviunganisha ni kazi ndogo inayorudiwa nyumbani kila siku.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya hotuba yoyote, chagueni mfuko mmoja wa pembeni katika kila begi la shule uwe mfuko wa taka. Ukiwa na kimfuko cha kitambaa kinachofulika, ni vizuri zaidi. Kanuni iwe moja: taka yako ni yako mpaka utakapoifikisha kwenye pipa. Mkoba wako nao uwe na sehemu hiyo, na watoto wakuone ukiweka humo tiketi, karatasi ya andazi, kijiti cha meno. Jioni wakirudi, kila mtu amwage vya kwake kwenye pipa la nyumbani. Kwa mtoto wa miaka 9 au 13 hili halichukui muda mrefu kuzoeleka, mradi tu lisiwe sheria ya watoto peke yao.

Kisha mpeleke binti yako akaone. Mnaishi Tabata, na hapo mna bahati ya darasa ambalo watoto wa sehemu nyingine hawana. Maji ya mitaro yenu yanaingia Mto Msimbazi. Mto huo unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapita kwenu, unashuka Vingunguti na Kigogo, unatandaa Jangwani, kisha unamwaga baharini pale Daraja la Selander. Shukeni naye Jangwani siku ya kiangazi, msimame pembeni mwangalie kilichonasa kwenye majani: chupa, pakiti, kandambili, nepi. Muulize yeye, usimwambie wewe, vitu hivyo vimetoka wapi. Halafu sema ukweli wote. Mafuriko yanayofunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani hayasababishwi na pakiti za juisi peke yake. Kuna ujenzi bondeni, kuna mchanga unaojaza mto, kuna mvua kubwa zenyewe. Ila mitaro iliyoziba inachangia, na mtaro huzibwa na vitu vidogo vidogo vya watu wengi. Mtoto akipewa ukweli kwa kipimo chake anauamini. Akiambiwa kwamba yeye ndiye aliyeizamisha Jangwani, atacheka moyoni, na siku nyingine hatakusikiliza.

Sasa chupa ya maji. Hapa nitakaa kidogo, maana naona ndipo penye mzizi.

Mwanao hajakataa mazingira, amekataa aibu. Na aibu hiyo sisi wazazi tumeisaidia kuota. Fikiria nyumba zetu zilivyo: galoni la mafuta ya kupikia likiisha linakuwa la maji, kopo la maziwa linawekwa sukari, sare ya kaka inashuka kwa mdogo, khanga iliyochakaa inakuwa nepi na mwisho dekio. Watoto wanafunga makaratasi na matambara kwa kamba wanapata mpira wa chandimu. Haya yote ni utunzaji wa mazingira wa hali ya juu. Lakini sikiliza tunavyoyasemea: “Tumieni hiki kwanza, tukipata hela tutanunua kipya.” Mtoto anasikia kwamba kutunza kitu ni kazi ya asiye na uwezo, na kwamba mwenye uwezo hujulikana kwa kutupa. Akikua akapata mshahara, la kwanza atakalofanya ni kutupa, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa mafanikio yanavyofanana.

Kwa hiyo badilisha maneno kabla ya kubadilisha vitu. Ukimpa sare ya kaka wa jirani, mwambie kitambaa hiki ni kizuri, kina miaka mingine miwili ndani yake. Kiatu kikipasuka mpeleke mwenyewe kwa fundi akae aone kinavyoshonwa. Na baba yao, kama anatoka kazini na chupa ya maji ya dukani kila jioni, ndiye awe wa kwanza kununua chupa ya kudumu; hilo litamfikia mvulana wa miaka 9 kuliko maneno yako yote na yangu.

Kuhusu wale wanaomcheka, usimsukume kwenda kupigana vita peke yake. Mtoto wa umri huo anaishi kwa macho ya wenzake. Tafuta wazazi wawili watatu wa darasa lake, mkubaliane watoto wote hao waanze wiki moja. Mwalimu wa darasa akiombwa vizuri atasema neno. Mwache achague chupa mwenyewe, rangi anayoitaka, jina lake ubavuni. Tumeshaona aibu ikihama nchi nzima kwa siku moja: kabla ya tarehe 1 Juni 2019, kwenda sokoni na kikapu kulionekana ni mambo ya bibi, kijana alirudi na mfuko wa rambo mkononi na mwingine begani. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara siku ile, kila mtu alishika kikapu au mfuko wa kitambaa, na hakuna aliyebaki wa kumcheka mwenzake. Zanzibar walikuwa wametangulia tangu 2006, Kenya wakafanya hivyo Agosti 2017. Mwanao wa miaka 4 hajawahi kuishi katika nchi inayoruhusu rambo. Mwambie mvulana wako hadithi hiyo. Watoto wanapenda kujua kwamba jambo la kawaida leo lilikuwa la ajabu jana.

Jambo la tatu ni kazi. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto akipewa sehemu yake halisi katika shughuli za nyumba, anajifunza shughuli yote. Lakini iwe yake kweli. “Njoo unisaidie” haimfanyi mtoto ajali kitu. “Hii ni yako, ikiharibika tutakuuliza wewe” inamfanya.

Mdogo mpe ndoo ya mchicha. Umesema hamna bustani, na wala hamhitaji. Chukua ndoo mbili kuukuu za rangi za lita 20. Moja itobolewe chini na ubavuni kwa msumari uliopashwa moto, hiyo itakuwa ya mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza. Weka chini majani makavu au makaratasi yasiyong'aa yaliyochanwa, kisha maganda ya ndizi, viazi na maembe, mashina ya mchicha, majani ya chai. Kila mkiweka kibichi, funikeni kwa kikavu. Nyama, samaki na mabaki yenye mafuta msiweke, yataita panya na inzi, na wapangaji wenzako watakuchukia kwa haki. Unyevu uwe kama wa sponji iliyokamuliwa. Ikinuka kama yai viza, imelowa mno: ongezeni vikavu, koroga, acha hewa ipite. Kwa joto la Dar es Salaam, baada ya miezi miwili mitatu mtapata kitu cheusi kinachonukia udongo baada ya mvua. Changanyeni na udongo kwenye ndoo ya pili, mwage mbegu za mchicha, na ndani ya wiki tatu nne mnakula. Mtoto wa miaka 4 aliyemwagilia mchicha huo kwa kopo lake kila asubuhi, akauona mezani, hahitaji kufafanuliwa kwamba ganda la ndizi si uchafu.

Na mwache achezee udongo. Mwache aguse mnyoo, amfuate siafu, akae muda mrefu akimtazama konokono. Najua sare zinachafuka na dada anachoka kufua. Lakini katika umri huo mapenzi yanatangulia maarifa. Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za kupanda miti za Green Belt Movement Kenya mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alipokea tuzo hiyo akisimulia kijito cha karibu na kwao Nyeri, ambako akiwa mdogo aliteka maji na kujaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Na mama yake alikuwa amemkataza jambo moja: asiokote kuni za mti wa mugumo, kwa sababu ule ni mti wa Mungu. Mama yule hakumpa mwanawe somo la ikolojia. Alimpa mipaka na akampa muda wa kucheza kwenye maji, basi.

Mvulana wa 9 mpe taka. Ndiyo, taka, na hasa kwa kuwa ni mvulana na mna dada wa kazi. Katika nyumba nyingi za mjini mtoto anakua akiona uchafu unaondoka wenyewe: anaweka sahani mezani, baadaye haipo, anaweka ganda chini, baadaye halipo. Kuna mtu anayeviondoa, na mtoto anajifunza kwamba mtu huyo ni wa chini yake. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuyajali mazingira, kwa sababu kwake mazingira ni kazi ya mtu mwingine. Gari la taka likipita, yeye ndiye atoke na ndoo.

Hapo tunafika kwenye moto wa nyuma ya nyumba. Usimgombeze dada. Anachoma kwa sababu taka zinanuka na gari linachelewa, na zinanuka kwa sababu maganda na mabaki ya chakula vimechanganywa na kila kitu. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni hizo zinazooza. Zikitenganishwa pale pale jikoni zikaenda kwenye ndoo ya mboji, na chupa za plastiki zikakaa kwenye kiroba chao mpaka apite muokota chupa, kinachobaki ni kidogo, kikavu, na kinaweza kusubiri gari siku kadhaa bila kumsumbua mtu. Kaa na dada huyo na mvulana wako kwa pamoja, mpange vyombo vitatu, na yeye dada awe mwalimu wa kazi hiyo. Waambie wote wawili sababu: moshi wa plastiki una sumu, nyingine kama dioksini hukaa mwilini miaka mingi, na anayeivuta kwanza ni yule aliyesimama karibu na moto, yaani dada mwenyewe, kisha watoto wanaocheza uani. Waeleze pia kwamba chakula kikifukiwa dampo kule Pugu Kinyamwezi kinaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayolipasha joto anga mara nyingi kuliko hewa ya ukaa. Mvulana wa miaka 9 ataipenda habari hiyo ya gesi kuliko unavyodhani.

Jambo moja hapa nalipinga, ingawa wazazi wengi wanalifanya: kumlipa mtoto kwa kila chupa anayookota. Siku ukiacha kulipa, anaacha kuokota. Hela ya chupa ikipatikana iwe ya nyumba nzima, iende kwenye kitu mlichokubaliana, na muokota chupa asalimiwe kwa heshima kama mfanyabiashara mwingine yeyote anayekuja mlangoni. Kama watoto wanataka kuona plastiki inaweza kuwa nini, watafutie picha za Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki na kandambili zilizookotwa, likasafiri kwa tanga hadi Zanzibar mwaka 2019.

Binti wa 13 mpe hesabu. Umri huu unapenda kukamata wakubwa wakikosea, basi mpe silaha halali. Awe na daftari la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: anasoma mita usiku kabla ya kulala na asubuhi, anaandika tofauti. Muonyeshe kwamba pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja inakula uniti moja nzima, wakati taa ya LED ya wati 9 inakaa zaidi ya saa 110 kwa uniti hiyo hiyo. Akishaelewa hivyo ataacha kukimbizana na taa tu, ataanza kuuliza kwa nini sare zinapigwa pasi moja moja kila asubuhi badala ya zote Jumapili. Kama mita ni ya kuchangia na wapangaji wengine, hesabu zake hazitasomeka. Basi daftari hilo liwe la maji. Aweke ndoo chini ya bomba linalodondosha usiku kucha, apime asubuhi. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linapoteza karibu ndoo ya lita 20 kwa siku. Na ajue maji hayo yanatoka wapi: Mto Ruvu, unaolishwa na vijito vya milima ya Uluguru kule Morogoro. Mwaka 2022 Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao, na yeye alikuwa na umri wa kukumbuka foleni za ndoo.

Jikoni nitapita haraka, kwa sababu mengi unayajua: maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe, kiporo kiliwe asubuhi bila kuomba radhi, na kila mtoto apakue kile atakachomaliza.

Mumeo ana hoja. Gari la taka, mitaro, dampo, hayo ni ya serikali, na mnayalipia. Usibishane naye. Mwombe ashike upande huo anaouamini: yeye awe ndiye anayekwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza kwa nini gari halikupita, na aende na mmoja wa watoto. Mtoto akimwona baba yake akidai huduma kwa adabu, anajifunza nusu ya uraia ambayo ndoo ya mboji haifundishi.

Na hofu ya mvua. Usimwambie binti yako “usijali, hakuna kitu.” Aliona kwa macho yake kwamba kitu kipo. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh, na watu wengi walikufa. Mweleze kwamba Tabata haipo chini ya mlima, kwa hiyo hilo halitawapata hapo. Hatari ya kwenu ni maji ya bondeni. Kisha mzunguke naye nyumba yenu, mwone maji yakija yatatokea wapi, vyeti vya shule viko wapi, nani anambeba mdogo, mnaelekea kwa nani. Wakati wa vuli na masika yeye awe ndiye anayesikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuwaambia. Hofu ya mtoto wa umri huo hupungua akijua la kufanya, na huzidi akinyamazishwa. Usiku mvua ikianza, muulize utabiri ulisemaje. Ukiona wiki kadhaa zimepita na bado halali, au chakula kinamshinda, mpeleke kituo cha afya azungumze na mtu mwenye ujuzi.

Hujachelewa kwake. Wa miaka 13 anataka kuhesabiwa kuwa mtu mzima, na mazingira ni mahali pazuri pa kumpa cheo hicho. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mkabidhi yeye mtaro ulio mbele ya nyumba: aongee na wapangaji, agawe majembe na glovu, watoto wadogo wakae mbali na maji machafu. Kitu kimoja tu mkumbushe mapema. Matope yakiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inayarudisha yote ndani, kwa hiyo kabla ya kushika jembe ajue gari la taka litapita saa ngapi na nani atakayelisimamisha.